Mjomba na nusu ya kidonge

Kaka, Mjomba ametolewa kwenye majaribio ya dawa ya ini. Leo hii, mbele yangu!

Unajua ini lake lina mafuta na limeanza kupata makovu. Nusu ya wagonjwa hupewa dawa mpya, nusu vidonge vitupu vinavyofanana nayo. Hata daktari hajui nani kapewa kipi.

Mjomba akaona huo ni uonevu. Akapatana na yule fundi cherehani anayekutana naye kliniki: kila asubuhi wakutane kibandani kwake, wakate vidonge vyao na kubadilishana nusu, ili yeyote kati yao asikose dawa.

Miezi minane, kaka. MINANE!

Leo daktari kamsifu kwa kutoruka hata siku moja. Mjomba, kifua mbele: "Nitaruka vipi, na mwenzangu ananisubiri na kiwembe?"

"Kiwembe cha nini, Mzee wangu?"

Akaeleza yote. Kwa fahari! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Daktari akapiga simu kwa wanaotunza siri ya vidonge. Alipokata, akasema wote wawili walikuwa wanapewa dawa halisi tangu siku ya kwanza.

Mjomba akauliza polepole, "Na ini langu?"

"Lilikuwa limeanza kulainika na kupona. Lakini majaribio yenu yameharibika, na dawa hii bado haiuzwi popote."

Sasa tuko kwenye benchi nje. Fundi cherehani amepita hivi punde kuingia kwa daktari, kamkonyeza Mjomba na kumnong'oneza, "Mwenzangu, tumewaweza hawa!"

Mjomba kainama anafunga kamba za viatu. Kaka, amevaa ndala.