Mguu wa Dionis Ufunguliwe Leo

Kwa Bernardo Kashindye,
Ntalikwa,
Tabora.
Jumamosi, 13 Juni 1953

Mpendwa mdogo wangu Tekla,

Pokea salamu zangu nyingi za mapenzi, mimi dada yako Apolinaria. U hali gani huko Kigoma? Shemeji hajambo na kazi yake ya bandarini? Kichanga ananyonya vizuri, na maziwa yako yanatosha? Mama mkwe wako mpe shikamoo yangu, tena umpe kwa magoti yote mawili, kwa sababu nina haja naye, utaiona mbele.

Baada ya salamu ilinipasa kuandika kwamba sisi huku hatujambo, kama Sista alivyotufundisha ubaoni. Nimeandika mara mbili, nikakata mara mbili. Basi nianze na jambo la haraka, halafu utajua kwa nini nimekata.

Barua yako ya Jumatatu nimeipata leo asubuhi. Ukurasa mzima umeniandikia habari za mtoto mchanga, nikafurahi. Halafu chini kabisa, mstari mmoja: kwamba jana yake Dionis alichezea jembe akajikata unyayo, ila ni kidonda kidogo tu, mama mkwe amekitia ugoro na majivu, amekifunga, na amesema kisifunguliwe mpaka kipone.

Tekla, kifungue. Kifungue leo hii, barua ikiwa bado mkononi mwako. Chakula kikiwa jikoni kiungue.

Nawa kwanza mikono yako kwa sabuni mpaka viwiko. Chemsha maji, uyafunike, yapoe yenyewe. Usiyapooze kwa maji ya mtungi. Kitambaa kikiwa kimegandana na kidonda usikivute, kiloweshe mpaka kiachie. Kisha mmwagie maji yatiririke juu ya unyayo, na sabuni pembeni. Usimtumbukize mguu ndani ya beseni, maana hapo utakuwa unamrudishia uchafu wake mwenyewe. Ugoro wote utoke na jivu lote. Atalia. Mshike, mwimbie, lakini usiishie nusu kwa kumhurumia. Damu ikianza tena, weka kitambaa safi ukandamize, wala usiwe unachungulia kila mara. Sali Salamu Maria thelathini, ndipo utazame. Mwisho umfunge kwa kitambaa kilichochemshwa, kisibane, vidole vibaki na joto. Kesho ufungue uoshe tena, na kesho kutwa. Ukiona pamevimba, pana moto au panatoa usaha, usiniandikie mimi barua, nenda kwa daktari. Wala usitie kitu kingine chochote, si masizi, si utando wa buibui, si mavi ya ng'ombe.

Na ukishamfunga usikae. Mbebe mpaka hospitali. Waambie ni jembe la shambani, na kwamba kidonda kilikaa kimefungwa na ugoro wiki nzima. Waulize habari ya sindano ya pepopunda. Hata kama kidonda ni kizuri, uende. Cha Marcelina kilikuwa kizuri.

Umeniuliza kama mwanangu Marcelina bado anaimba kanisani kupita watu wazima. Mdogo wangu, kaa chini. Marcelina hatunaye. Alifariki tarehe tisa Mei, leo ni Jumamosi ya tano. Baba alikataza usiambiwe mpaka ujifungue, na ulipojifungua akasema tusubiri arobaini yako iishe. Ningesubiri, lakini ule mstari wako wa chini haukuniruhusu. Nisamehe kwamba habari hii inakufikia kwenye karatasi, wala sipo nikushike.

Ilikuwa wakati wa kung'oa karanga. Alikanyaga jembe lililolala kwenye majani, akakatika chini ya kidole gumba, urefu wa punje ya hindi. Damu yenyewe haikujaza kiganja. Mama mkwe wangu, Bibi Minza, alikuwa karibu, akafungua kopo lake la ugoro, akachanganya na majivu, akamfunga kwa kipande cha kaniki. Akamwambia, "Haya, mpagazi wangu, safari ni yako. Usifungue mpaka ufike."

Unajua baba yake Bibi Minza alikuwa mpagazi, alikwenda Ujiji na pwani na mizigo ya watu. Miguu ikichanika njiani walitia ugoro, wakafunga, na ilikuwa mwiko kufungua kabla ya kufika, kwa sababu njiani kuna vumbi na maji ya matope. Bibi alilelewa na dawa hiyo. Alimfungia mume wangu Bernardo hivyohivyo alipokuwa mdogo, akapona. Lakini sisi hatukuwa njiani, Tekla. Tulikuwa nyumbani, kisima kiko hatua mia, na sabuni ilikuwa juu ya dirisha.

Marcelina naye akaupenda huo upagazi. Akajitwika kikapu kitupu, akachukua fimbo, akawa anachechemea uani akiwapigia kelele kuku: "Pisheni! Mzigo mzito huu, wa Mwarabu!" Watoto wa jirani wakamwita Bibi Kiguru, akawajibu, "Mimi napokea posho, ninyi mnapokea nini?" Tulicheka sana. Siku ya tatu Bibi akaenda Puge kumzika kaka yake, akakaa huko wiki.

Na mimi nilijua. Hapa ndipo pananiuma. Wewe na mimi tulikaa benchi moja kwa Masista, tukafundishwa kuosha kidonda na kubadilisha kitambaa kila siku. Unakumbuka uliponifunga kichwa ukanifunika mpaka macho, nikagonga mlango, Sista mwenyewe akacheka? Nilijua yote hayo. Kila asubuhi nikimwogesha nilikiona kile kitambaa cheusi, nikatamani kukifungua. Lakini unajua kwetu, mke wa nyumba hafungui alichofunga mama mkwe, hata kama ni mzigo wa kuni. Nikasema nimngoje arudi. Nikamwosha mwanangu mwili mzima, nikauruka mguu.

Siku ya tisa alikataa uji. Nikamgombeza, nikadhani ni deko. Nikamwambia, "Fungua mdomo, mama, mimi nimechoka." Na kweli nilikuwa nimechoka, mdogo wake Anselm alikuwa anaota meno, sikuwa nimelala. Akanitazama akasema kwa meno yaliyofungamana, "Mama, hautaki." Mdomo ndio ulikuwa hautaki. Bernardo alimpakia kwenye baiskeli, mimi nikawafuata kwa miguu nikiwa nimembeba Anselm, mpaka hospitali ya mjini. Yule dresa wa zamu alipofungua kaniki, chini yake kidonda kilikuwa kimekauka, kimejifunga, hata wewe ungesema kimepona. Akasema sumu iliingia ikafungiwa humo ndani. Tungemwosha siku ileile na kumleta achomwe sindano, labda mambo yangekuwa mengine. Alisema labda, mtu mwema yule, lakini mimi nilimwelewa.

Sitakuandikia zile siku tatu. Yatosha kusema kwamba mlango ukigongwa tu alikakamaa, na mwisho tulivua viatu wote wodini tusimtie uchungu.

Bibi Minza alirudi kutoka Puge akakuta tuko hospitali. Hakuna mtu aliyemwambia neno la lawama, lakini alisikia. Baada ya matanga alikuja jikoni, akakaa juu ya kigoda, akaniuliza bila kunitazama:

"Mama Marcelina, wewe ulisoma. Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Mbona hukufungua?"

"Ulifunga wewe, mama. Nilikuheshimu."

Kisha akasema, "Mimi sikusoma. Nilifunga ninachokijua. Ungeniambia, mayu, ningekifungua kwa meno yangu." Tekla, hakuwahi kuniita mayu tangu niolewe. Mayu ni neno la kumwita mama mzazi. Tokea siku hiyo hajanusa ugoro, kopo amelitupa chooni, na mimi sina la kumfariji, kwa kuwa wenye kosa ni sisi wawili na kila mmoja anataka kulibeba peke yake.

Leo asubuhi niliposoma barua yako kwa sauti na kufika mstari ule wa chini, yeye ndiye aliyesimama kwanza. Akasema, "Andika. Andika sasa hivi, mimi nitambeba Anselm." Basi usimwambie mama mkwe wako kwamba amekosea. Yeye naye ni mtu wa Puge, dawa yake ni ileile, ameifanya kwa kumpenda mjukuu. Piga magoti, umpe maneno haya ya Bibi Minza kama alivyonipa: "Mwenzangu, nakuomba kwa mkono uleule uliofunga, ufungue. Mimi wangu alifika mwisho wa safari kabla sijamfungua." Mpe yeye maji, mpe yeye sabuni, umwache aoshe mwenyewe, wewe umwelekeze taratibu.

Lakini akikataa, fungua wewe, mbele ya macho yake. Atakuita mwanamke asiye na adabu. Itikia, umwambie ndiyo mama, na uendelee kuosha. Mimi nilikuwa na adabu.

Naandikia hapa Cheyo, barazani kwa Mwamvita, yule rafiki yangu wa sokoni. Mumewe Mfaume anachochea moto kwenye gari moshi la Kigoma, na zamu yake ni ya leo saa kumi. Posta wamefunga, la sivyo ningepiga simu ya maandishi. Amenipa ahadi kwamba kesho akishuka hatanawa hata masizi, atakuja kwako kwanza. Ukimwona mtu mweusi tii mlangoni usikimbie, mpe chai. Mwamvita ananiharakisha hapa, anasema, "Maliza, mama, gari halingoji machozi."

Bernardo anakusalimu. Anselm ametoa meno mawili. Baba na mama huko nyumbani hawajambo, ila mama haimbi tena kanisani. Nisalimie shemeji, mbusu kichanga, na Dionis umwambie mama yake mkubwa anamtaka akimbie mpaka nimwone. Mungu awafunike nyote, na Bikira Maria asimame mlangoni kwenu mpaka mguu huo upone.

Mimi dada yako, mwenye mapenzi yasiyopungua kwako,

Apolinaria

Ndani ya kifurushi kuna vitambaa saba vyeupe. Ni ile gauni ya ubatizo ya Marcelina, uliyomshonea wewe. Bibi Minza amewasha moto mwenyewe, tumeichemsha, tumeianika, nimeipiga pasi na kuikata. Usivihifadhi kwa ajili ya ukumbusho. Mfungie Dionis, chemsha, mfungie tena, mpaka viishe.