Mahindi Ilingojea Bei

Yaya Ngalula, dada yangu mukubwa,

Jambo sana, yaya. Uko namna gani, na mugongo wako unasemaje? Shiye huku Kasai tunapumua, aksanti ya Mungu. Tangu batufukuze kule Dilala juu asili yetu ni ya Kasai, watu banasema tumerudi kwetu. Kwetu gani? Mi nilizaliwa Dilala, na kila asubui roho inatafuta njia ya Nzilo, kwenye shamba langu. Heri wewe uliolewa na mutu wa kule, habakukufukuza.

Barua yako ilifika. Unaniambia bei ya mahindi imepanda sawa vile nilisemaka, na unauliza kama uuzishe yale magunia saba ulinifichia mu jikoni yako. Bibi yangu, mama ya batoto, akapiga vigelegele: "Tutapata majembe!" Mi nikatoka inje. Haya inanikamata, yaya.

Unakumbuka kila siku ya Mungu, Jumapili, kisha ya misa, shiye balimaji tulikuwa tunasimama mbele ya kanisa kubishana juu ya bei. Mumoja anaangalia mawingu, mwingine anahesabu malori ya mahindi ya kutoka Zambia. Mi njo nilikuwa mukubwa wa kubahatisha: "Mvua ikikatika, mahindi itakuwa zahabu. Musiuzishe!" Na mvua ikakatika kweli. Nikapita pembeni ya shamba ya Mama Kalenga, jirani yetu, nikaona majani inajikunja, na mi nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Yule mama akakuja na meka yake, ile kopo ya kupimia, akaomba nimuuzishie hata mbili tu. Nikamwambia, "Mama, magunia haijafunguliwa. Rudi mwezi kesho." Akasema, "Haya, tata," akaenda na kopo tupu.

Huo mwezi ulitukuta tunalala inje ya gare, stesheni ya treni, bamekwisha kutufukuza. Tulikuwa tunangojea treni ya kutuleta huku Kasai, mvua imerudi, mutoto wetu wa mwisho anatetemeka na homa na njala. Nani alitukumbuka? Mama Kalenga. Alipita katikati ya bale vijana ba fimbo balitufukuza, beseni ya bukari, ugali ya mahindi, iko ku kichwa. Unga aliipata wapi, mi sijui. Alisema paka hivi tu: "Kula, tata. Batoto kwanza." Tulikula, yaya. Mutoto alipona.

Kwa hiyo usiuzishe hata punje moja. Yote ni ya Mama Kalenga. Bibi yangu alinuna siku mbili; jana nikamwelezea yote, akasema: "Basi, mupe. Lakini wewe utalima na meno?" Tukacheka kidogo.

Salimia shemeji, aliyekubali kuficha mahindi ya mutu wa kufukuzwa. Salimia mama wa ubatizo wa mutoto wetu, na ule nkambo, muzee anayepigaka kengele ya kanisa.

Tena kitu kimoja. Mama Kalenga ni mutu wa heshima, hatakubali bure. Mupimie na kopo yake mwenyewe, ijae mpaka imwangike, usipanguse juu. Akiuliza bei, umwambie imeanguka.

Mudogo wako,
Mutombo