Baraza Isiyo na Nguzo

Kisondela, 2 Aprili 2024

Mwanangu Yona, ugonile. Sisi tumeamka salama, isipokuwa goti la mama yako na mvua isiyochoka. Huko Kigoma wanafunzi wanakusikiliza?

Tumehamia nyumba mpya. Usicheke. Chumba kimoja kina bati, vingine vina mawingu. Ile ya zamani ilianza kutuinamia, nikasema liwalo na liwe. Ramani nachora mwenyewe kwa mkaa ukutani, mama yako anafuta, nachora tena. Amekataa nguzo katikati ya baraza, eti akikaa auone Mlima Rungwe mzima. Basi jana nimemwaga lenta ndefu ya zege juu ya baraza, toka ukuta hadi ukuta, nimeitegemeza kwa miti ya mirunda. Mafundi wa Tukuyu watakuja kujifunza kwangu.

Baba yako

4 Aprili

Shikamoo baba. Mimi mzima, mpe mama pole ya goti.

Lenta ndefu hivyo bila nguzo inanitia hofu. Nakuomba, mirunda isiguswe mpaka mwezi uishe. Zege kwenye mvua halikomai upesi.

Mwanao, Yona

9 Aprili

Ugonile, mwanangu. Mama yako anakusalimu, anasema umekuwa mwoga tangu uajiriwe.

Upepo wa juzi umetuonea. Migomba yenye mikungu inalala chini, na miti ya kuitegemeza sina. Nikachukua mirunda ya barazani, nimebakiza miwili. Mikungu ikioza tutakula nini? Lenta nimeigonga kwa nyundo, imetulia tu. Chaji inaisha, simu naipeleka senta, dukani kwa Obed, wanakochaji.

Baba yako

9 Aprili, jioni

Shikamoo baba. Rudisha mirunda leo hii. Migomba na ilale. Napiga hupatikani, Obed hapokei. Mlale kwa baba mdogo Anyosisye. Nakusihi, mtoe mama humo.

Mwanao

10 Aprili

Yona,

Obed ameniletea simu sasa hivi. Asubuhi mvua ilikata, mama yako akatoka na kigoda chake barazani. Mimi nilikuwa nyuma nakoroga udongo. Lenta imemwangukia. Mama yako amefariki, mwanangu. Tumemlaza kwa Anyosisye, na ujumbe wako nimeusomea hapo alipolala.

Watu wamejaa. Kila anayeingia ananishika mkono, ananiambia kazi ya Mungu haina makosa. Nikitaka kuwaeleza wananinyamazisha, wanadhani ni uchungu. Njoo upesi. Wewe unajua. Uwaambie kwamba hii haikuwa kazi ya Mungu.

Baba yako