Meza Inayogeuka Kitanda Ndani ya Basi la Bibi Merania

Mpendwa Shangazi Mele, nakusikiliza redioni kila Jumapili na leo naomba unisaidie mimi, maana nimemkosea mtu ambaye wema wake sina namna ya kuurudisha, na sijui nirekebishe vipi bila kumuumiza tena.

Mimi ni mtu wa Tanna, huko Vanuatu, nachuma matofaa hapa Hastings, na shule niliiacha mapema, kwa hiyo nisamehe mwandiko. Nilipougua kifua msimu huu, Bibi Merania, mama wa Kimaori, yaani mwenyeji wa asili wa nchi hii, anayepanga matunda ghalani kwetu, alinitoa kwenye bweni la wafanyakazi akanilaza kwenye chumba cha marehemu mwanawe, akanipikia mchuzi wa nyama na mboga mpaka nikasimama, wala hakuniuliza nitaondoka lini. Nyuma ya nyumba ana basi kuukuu la shule, anataka liwe nyumba yake ya kusafiria, aende kwa dada yake kaskazini, na kwa kuwa kwetu nilikuwa fundi mbao nikamwambia viti niachie mimi.

Shangazi, nilifanya kwa moyo wote. Nilikata boliti za viti vya zamani zilizoshikwa na kutu, nikachukua kwa kipande cha boksi umbo la ukuta uliopinda, ndipo nikakata mbao, nikajenga mabenchi mawili yanayotazamana yenye masanduku chini, nikayafunga kwa boliti mpaka kwenye vyuma vya sakafu yasije yakaruka ukikanyaga breki. Katikati niliweka meza inayoshuka ikalingana na mabenchi, unapanga mito ya kukalia juu yake, tayari kitanda, na nilijiona hodari kweli.

Bibi aliangalia, akaniambia, "Ahsante, mwanangu, una mikono mizuri," kisha chai akaileta nje kwenye nyasi badala ya mezani mle. Tangu hapo hajala mle wala kulala. Mpwa wake Hohepa ndiye aliyenicheka: "Kaka, umemlaza bibi juu ya meza ya chakula, na kichwa chake umekiweka pale watu wanapoweka makalio. Hata mbwa wetu angekuambia."

Na mimi nilijua, Shangazi. Nyumbani kwake nimeshakatazwa kukalia meza, na mto wa kulalia haukaliwi, kwa sababu meza ni ya chakula na kichwa kina heshima yake. Ila kazini niliona mbao na nafasi tu. Nataka nibomoe akiwa ghalani, akute kazi imekwisha, lakini Hohepa anasema nikivunja kitu alichokisifu nitamuaibisha. Karibu narudi kwetu, naye karibu anasafiri. Sitaki alale amekaa kwenye usukani njia nzima kwa sababu yangu. Nifanyeje?

Mchuma Matofaa, Hastings

Shangazi Mele anajibu

Mwanangu, pole kwa kifua, na hongera kwa boliti zako. Hizo usiziguse.

Sasa nikugombeze kidogo. Ulijenga bila kumuuliza mwenye basi atalala wapi, na leo unataka kubomoa bila kumuuliza pia. Huyo mama amekufanya mwana wa nyumba, wewe bado unamfanyia kazi kama mgeni anayetaka kushangiliwa. Alinyamaza kwa kuwa hakutaka uone haya. Hohepa mwache acheke, ndiyo kazi ya wapwa, lakini usimfanye mshauri.

Nenda kwake ukiwa na tepu ya kupimia mkononi. Mwambie wazi, "Bibi, nimekosea, na sitaki uvumilie." Halafu nyamaza umsikilize. Meza ifunge mguu wa chuma isishuke tena. Benchi moja lifupishe, na nafasi utakayopata nyuma ya basi ijengee kitanda kisichokunjwa, chenye godoro lake. Mito ya kulalia ipe kabati la juu, isiingie kabisa kwenye masanduku ya mabenchi. Atabaki na viti vichache. Anasafiri peke yake, hahitaji kukaribisha kijiji.

Fanya hivyo kabla ya ndege yako, na usianze na msumeno. Anza kwa kumuuliza anataka kichwa chake kilale upande gani. Ukishajua hilo, kilichobaki ni mbao tu.