Kiatu cha Kushoto cha Elieza

Tobias mwanangu,

Jirani yetu Leonia aliwahi kuniuliza, "Pikipiki ikijibadilishia gia yenyewe, mguu wa dereva unafanya kazi gani?" Leo swali lake limenisaidia.

Maharage yako jikoni. Nimekwenda kanisani kusali rozari. Elieza wa Usoke akirudi, ~~mpe chai~~ mpe maji tu, na pikipiki ya marehemu baba yako asiiguse.

Asubuhi alikuja tena kutaka mbadilishane na yake inayojibadilishia gia yenyewe. Akaapa kwa Mungu kuwa ndiyo anayoipanda kila siku. Nikamtazama miguuni. "Baba, mbona kiatu chako cha kushoto kimelika juu, penye kidole gumba, kama cha marehemu kwa kunyanyua gia?"

Akachukua kofia yake, akatoka.

Mama yako