Alama Tatu kwa Viatu vya Baba

Shangazi mpendwa, nisaidie, na ukitaka kunigombeza nigombeze, maana haya sijamweleza hata mume wangu.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, huu mwaka wa kumi na tisa, na kwenye ushairi nina mtindo wangu ambao wenzangu wameuiga: kila mwanafunzi wa kidato cha pili anatengeneza kadi ya karatasi ngumu, anaitoboa na kuifunga kwa uzi kwenye daftari, upande mmoja istilahi kumi za fasihi kwa Kiingereza, upande wa pili maana yake kwa Kiswahili, tashbihi ni kufananisha kwa kutumia "kama", sitiari ni kufananisha bila hiyo "kama", tashihisi ni kukipa kitu uhai wa mtu, mpaka namba kumi, na wanaziimba kila asubuhi kabla sijaita majina, na matokeo yetu ni mazuri, sikatai, nilijivuna mpaka kichwa kikavimba.

Muhula huu nilirudi kutoka mafunzo ya wiki mbili nikakuta kazi niliyowaachia, watunge shairi la Kiingereza lenye tamathali tano za kwenye kadi, kila moja ipigiwe mstari na jina lake liandikwe pembeni, nikasahihisha mbio mbio, nikafika kwenye daftari la msichana tunayemwita Karani kwa uzuri wa mwandiko wake, mtoto mkimya wa dirishani, naye hakupigia mstari chochote, pembeni kweupe, na maneno yake ukiyageuza Kiswahili yalikuwa hivi: viatu vya baba viko mlangoni, mama amefagia akavizunguka, viatu vya baba viko mlangoni, mdogo wangu ametaka kuvivaa akakatazwa, viatu vya baba viko mlangoni, hivyo hivyo mpaka mwisho. Nikaandika kwa kalamu nyekundu, "Unarudia rudia. Msamiati haba. Tashbihi iko wapi?" Nikampa tatu kwa kumi.

Ningeishia hapo ingekuwa afadhali, lakini nililisoma darasani kwa sauti kama mfano wa kazi ya kulipua, nikatia na utani, "Jamani, huyu baba hana pa kuweka viatu?" asicheke hata mmoja, nikadhani hawajanielewa, nikaurudia.

Kesho yake Karani akaleta shairi jipya, la mvua, matone kama shanga, mawingu yanalia, tamathali zote tano zimepigiwa mstari kwa rula, nikampa tisa na kumpongeza mbele ya wenzake, naye akasema "Asante, mwalimu" huku akiangalia meza.

Ijumaa ile mhazili wa shule aliingia chumba cha walimu akauliza nani hajakwenda kutoa pole kwa kina Karani, maana baba yake alifariki nikiwa mafunzoni, na darasa zima lilikwenda msibani. Shangazi, nikaichukua kadi yangu mwenyewe, namba nane: takriri, kurudia neno au mstari kwa makusudi ili kuonyesha uzito wa hisia. Nimeifundisha miaka kumi na tisa, na nilipoletewa ya kweli sikuitambua.

Wiki tatu zimepita sijasema neno wala sijafika kwao, na siku ya wazazi mama yake, ambaye anafua mashuka hospitalini, alinishika mikono yote miwili akaniambia, "Mwalimu, Mungu akubariki, mwanangu alikuwa kwenye tatu, umemfikisha tisa," nami nikaitikia, Shangazi, nikaitikia! Sasa Karani anataka mwakani aache fasihi achukue biashara, fomu yake iko mezani kwangu inasubiri saini kabla ya Jumatatu, na mwenzangu mmoja ananiambia nisaini ninyamaze, "Ukiomba radhi mbele ya watoto, kesho watataka na cheti chako wakikague." Nifanye nini?

Mwalimu wa Kalamu Nyekundu

SHANGAZI ANAJIBU

Mwalimu, pole. Ishike vizuri hiyo, sina nyingine ya kukupa leo. Zilizobaki ni za mtoto.

Kwamba hukujua habari za msiba, sikulaumu. Wenzako walipaswa kukuambia siku ile ile uliyorudi. Lakini kusoma ulisoma. Mama anafagia akivizunguka viatu, mtoto anakatazwa kuvivaa, na wewe unatafuta "kama"! Hata mtoto wa chekechea angekuambia kuna jambo kwenye nyumba hiyo. Na darasa zima lilipokunyamazia, ulirudia utani wa nini?

Inayoniuma zaidi ni ile tisa. Karani amejifunza kwako kwamba akisema la moyoni anaaibishwa, akisema la mvua anapongezwa. Biashara haikumwita, mwalimu. Wewe ndiye uliyemfukuza.

Huyo mwenzako mwambie akae na vyeti vyake. Watoto walishaona kwamba umekosea. Wanachosubiri ni kujua kama na wewe umeona.

Fomu usiisaini kwanza. Mwite Karani peke yake, mkae wote wawili, usimsimamishe mbele ya meza yako. Mwambie ulichomkosea kwa maneno machache, na usilie, usije ukamgeuza yeye mbembelezaji. Muulize kama anaridhia uwaambie wenzake. Akikataa, waambie tu kwamba ulimkosea, na shairi lake usiliguse. Akikubali, simama pale pale uliposimama siku ile, useme kwamba namba nane kwenye kadi uliifeli wewe. Ile tatu usiigeuze kumi. Ifute, hakuandika kwa ajili ya alama. Kisha mrudishie fomu aamue mwenyewe, na akiichagua biashara, saini, umtakie heri.

Halafu nenda kwao. Wiki zote hizi hujafika, nenda kesho. Mweleze mama ukweli wa ile tisa, maana zile shukrani ulizopokea hazikuwa zako.

Utavikuta viatu mlangoni. Vua vyako, viweke kando, na vile usivisogeze.