Mama, Kuhusu Ile Filamu

Southall, London
Jumamosi

Mama yangu mpendwa, Mwalimu Séraphine,

Nakusalimu kwa heshima na kwa hamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu mvua zilipopungua. Shangazi yetu, Tantine Odile, bado yuko nawe, au amesharudi kwake Moba? Na paa la jikoni, fundi amelimaliza, au bado anakuahidi kuja Jumatatu? Mimi mwili wangu ni mzima. Kinachonisumbua ni kutotulia. Tangu asubuhi nimeianza barua hii nikaiacha, nimepika chai ikapoa, nimeshuka hadi barabarani bila shughuli yoyote, nikasimama mbele ya maduka ya vitambaa kama mtu aliyetumwa akasahau alichotumwa, nikarudi.

Barua anakuletea Gloire, binti wa marehemu Papa Anaclet, anayekuja Kalemie kwa harusi ya mdogo wake. Nimemwomba akukabidhi mkononi, na kama hupo asubiri. Sikutaka kupiga simu. Simu yako inapokelewa sebuleni, sauti imefunguliwa watu wote wasikie, na kabla hatujamaliza kusalimiana Tantine ameshaanza kuomba. Tena wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, ukinirudishia insha hadi ikae sawa. Watoto wa wenzetu huku wanasikia Kiswahili lakini wanajibu kwa Kiingereza. Mimi nimekishika kwa sababu yako.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Ulisema yaya Lambert, kaka yangu mkubwa, amekutumia kipande cha video, na humo umeniona nimevaa kanzu nyeupe, nimemkandamiza msichana sakafuni, napiga kelele. Ulisema amekueleza kwamba nimejiunga na watu wa Shetani wanaotengeneza filamu za mapepo. Ukalia, ukasema umeanza kufunga kwa ajili yangu. Mama, nakuomba uache mfungo huo leo. Kula kwanza, halafu soma.

Kazi yangu unaijua: napanga mizigo katika ghala moja huko Hayes, karibu na uwanja wa ndege. Jambo ambalo sikuwahi kukueleza ni kwamba kwa miaka michache sasa siku zangu za mapumziko huwa ninaigiza. Tuna kikundi chetu, tunakutana katika ukumbi mmoja Queensbury. Anayetuongoza anaitwa Minal. Yeye amezaliwa hapa, lakini wazazi wake ni Wahindi waliotoka Kisumu, na mama yake bado anamgombeza kwa Kiswahili anapochelewa kula. Mwaka jana Minal alipata nafasi ya kutengeneza filamu ya kutisha. Hadithi aliipata kwa mtu mmoja katika kikundi. Nitakuambia ni nani, niache nifike huko taratibu.

Filamu inamhusu msichana wa miaka kumi na sita, jina lake Naomi. Amempenda msichana mwenzake wa darasani. Ndugu zake wanagundua, wanampeleka kwa mchungaji ili atolewe pepo, naye anafungiwa chumba cha juu katika nyumba ya mchungaji, haruhusiwi kula, na watu wanapokezana kumwombea. Nilimuuliza Minal kwa nini aifanye iwe filamu ya kutisha, kwa nini asiitengeneze kama tamthilia ya kawaida watu walie waende nyumbani. Akanijibu kwamba watazamaji wa filamu hizi wanajua desturi yake: watakaa wakisubiri shetani atokeze ndani ya mtoto. "Hatokezi," akasema, "kwa sababu hayumo. Ndipo wataanza kuwaogopa waliobaki chumbani."

Maneno hayo yalinikosesha raha. Nilitembea kutoka ukumbini nikapita kituo changu cha basi, nikapita na kingine.

Mimi nilipewa nafasi ya mwanamke wa maombi, ndiye huyo uliyemwona na kanzu nyeupe. Tulipiga picha katika nyumba tupu tuliyoikodi Hayes. Ilikuwa baridi, madirisha yamezibwa kwa mapazia mazito, na kuta zilinuka mafuta ya mzeituni tuliyokuwa tukimpaka msichana kwenye paji la uso. Yule mwigizaji, mtoto mchangamfu, aliniambia nimkandamize kwa nguvu zaidi, eti haionekani kama kweli. Nilijaribu. Mikono ilikataa. Nilitoka nikatapika kwenye bustani, nikasingizia chakula cha mchana. Minal alitaka kumpa mtu mwingine nafasi ile, nikamkatalia. Nilitaka kujua yule mwanamke wa kweli alikuwa anahisi nini viganjani mwake. Hadi leo sijajua.

Filamu ilionyeshwa wiki mbili zilizopita katika ukumbi mdogo hapa Southall. Watu wa kanisa la yaya Lambert walikuwa wamepata habari. Kina mama kama sita walisimama nje wakiimba nyimbo ambazo nami nazijua, na mmoja wao, aliyewahi kunisuka nywele, alipotambua ni mimi akageuza uso. Nilidhani yaya atakuwa pamoja nao. Taa zilipozimwa ndipo nikamwona ndani, safu ya nyuma kabisa, koti hajalivua.

Sasa mama, nimefika mahali nilipokuwa napakimbia tangu asubuhi. Niliinuka tena hapa nikafungua dirisha, nikalifunga. Naandika.

Mtu aliyempa Minal hadithi ile ni mimi. Naomi ni mimi.

Unakumbuka uliambiwa kwamba nilipofika miaka kumi na sita nilipelekwa shule ya bweni, ndiyo sababu sikupatikana kwenye simu. Hapakuwa na bweni. Yaya Lambert, niliyekuwa nikiishi kwake huku, alikuta kwenye simu yangu maneno niliyomwandikia msichana niliyesoma naye, na maneno aliyonijibu. Yalikuwa maneno ya mapenzi, sikukana. Akanipeleka kwa Pasta Telesphor, kwenye chumba cha juu. Waliniambia nisipofunga, pepo hatatoka. Nilipewa maji kidogo. Walinipiga kwa mkanda, wakasema anayepigwa si mimi, ni yule aliyemo ndani yangu, lakini ngozi ilikuwa yangu. Sitakuandikia yote. Shuleni mwalimu mmoja aliuliza niko wapi, akaendelea kuuliza, hadi watu wa serikali wakaja mlangoni na polisi. Baada ya hapo nililelewa na mama mmoja wa hapa, mpole, hadi nikawa mtu mzima. Yaya na mimi tulikuja kusalimiana tena polepole, kwenye misiba na arusi, bila kuligusa jambo hilo.

Na wewe ulikuwepo, mama. Hukujua ulikuwepo wapi. Walikupigia simu, wakaiweka mezani sauti imefunguliwa, wakakuambia nina ugonjwa wa kichwa ambao hospitali imeshindwa kuuona, na kwamba maombi ya mama mzazi yana nguvu. Nilikuwa sakafuni hatua chache tu kutoka kwenye simu. Yule mama wa kanzu nyeupe alikuwa amenifunika mdomo kwa kiganja. Ukaomba. Ukaomba kwa muda mrefu, kwa sauti ile unayotumia kumlilia Mungu unapokuwa peke yako, na kila uliposema amina na wao wakasema amina. Nilikuchukia, mama. Dakika zile nilikuchukia kuliko wote chumbani.

Kisha ukamaliza, ukakohoa, ukauliza, "Mtoto amekula?"

Yaya Lambert akajibu, "Amekula, mama."

Ukauliza amekula nini. Akasema fufu na samaki. Ukasema, "Vizuri. Mpeni mkia, ndio anaoupenda." Halafu laini ikakatika.

Chumbani mle kulikuwa na watu waliohifadhi Biblia kwa moyo, kulikuwa na kaka yangu aliyenibeba mgongoni tulipovuka mpaka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza swali hilo. Uliuliza wewe, uliyekuwa Kalemie. Nililia chini ya kile kiganja hadi yule mama akadhani pepo analegea, akawaita wengine waje waone. Tangu siku hiyo nilijua kwamba ungekuwa mlangoni ungeuvunja.

Nilimpa Minal maneno hayo, naye akayaweka kwenye filamu kama ulivyoyasema. Hatukupata mwanamke wa kuyasoma vizuri, nikayasoma mwenyewe, nikijitahidi kukohoa kama wewe. Ukumbi mzima, uliokuwa ukishtuka na kucheka kwa hofu kama watu wafanyavyo kwenye filamu hizi, ulinyamaza. Yaya Lambert akasimama akatoka.

Nilimfuata. Nilimkuta kwenye kituo cha basi, wale kina mama wameshaondoka. Hakunitazama. Akaniuliza, "Ulikuwa unasikia?"

Nikamwambia nilisikia yote.

Akasema Pasta alimwonya kwamba mama akijua nina njaa atanihurumia, na huruma yake itampa pepo nguvu ya kurudi. Akasema aliogopa. Alisema hivyo mara nyingi, kwamba aliogopa, akikunja na kukunjua tiketi ya sinema vidoleni. Kisha akaniomba, "Mwambie mama lolote juu yako, na juu ya Pasta. Lile nililomjibu, usimwambie." Basi langu likaja, nikapanda bila kumjibu. Tangu hapo ananipigia simu kila siku, na mimi sipokei. Siku chache baadaye ndipo akakutumia kile kipande. Nadhani alitaka anitangulie kwako, ili nikikueleza usiniamini.

Nimekuambia. Sikuombi umlaani. Ni mwanao, na najua ndiye anayekutazama kwa mambo mengi. Lakini nisingeweza kukuacha uendelee kudhani kwamba swali lako lilijibiwa kwa kweli.

Limebaki moja, na hili si ungamo la dhambi, ni habari tu. Parminder, ambaye nimekuwa nikikutajia kama rafiki ninayeishi naye, ni mwenzangu wa maisha. Ni mwanamke wa Kisikh. Wazazi wake walihamia hapa kutoka Nairobi, na Kiswahili anacho kidogo, kile cha jikoni alichokiokota kwa bibi yake: lete chumvi, funga mlango, wacha kelele. Yale ambayo watu wale walitaka kuyatoa ndani yangu hayakutoka, mama, na ndiyo yanayonifanya niwe na nyumba ya kurudia baada ya kazi. Sitegemei uyapokee kwa siku moja. Unaweza kukasirika. Unaweza kuniandikia kwa wino mwekundu kama enzi zile za insha. Nitakisoma chochote utakachoandika.

Ninachokuomba ni kimoja. Ukishasoma, usimpigie Lambert akufafanulie. Toka nje ya sebule, mwache Tantine ndani, unipigie mimi, kwa namba ambayo Gloire atakupa. Kwa miaka yote hii nimeigiza kuwa na furaha kwenye simu zetu, na nimechoka na uigizaji huo kuliko ule wa filamu. Niulize mwenyewe unalotaka kujua. Mdomo wangu haujafunikwa na mtu.

Nisalimie Tantine Odile, umwambie namheshimu hata kama sikumwandikia. Wasalimie majirani, na walimu wenzako wa zamani walio hai. Mungu unayemwomba ukiwa peke yako, yule ambaye mimi pia bado naongea naye ninapotembea, akulinde na akupe nguvu za goti na za moyo.

Ni mimi binti yako, ambaye hajaacha kuwa binti yako,

Euphrasie